Mibono Mlangoni pa Ngitili

Alikuwa akiisikia kengele kabla sisi hatujamwona ng'ombe. Unaweza kuwa umekaa naye kibarazani, mnatafuna michembe ya viazi vikavu na karanga, maneno yamenoga, ghafla anainua kidole.

"Kelele."

Mnanyamaza. Hamsikii kitu isipokuwa upepo. Yeye ameshasimama, ameshavaa katambuga zake za matairi, fimbo iko mkononi.

"Lile dume jeusi la fundi cherehani. Limejua leo nina wageni."

Na kweli, baada ya muda mfupi ungemwona dume jeusi akitoka ngitili mbio, na nyuma yake mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, akimtukana kwa Kisukuma kama mtu anayegombana na shemeji yake.

Nimekuwa jirani yake tangu nilipoletwa kijiji hiki, kati ya Tinde na Didia, kuwa katekista wa kigango. Jina lake analo, na Mungu anamjua kwa jina hilo. Sisi tulimwita Mlinzi. Hata watoto wa shule wakimwamkia walisema, "Shikamoo, Mlinzi," naye aliitikia marahaba bila kuacha kutazama upande wa malisho.

Kwa msomaji asiyetoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, jembe haliingii, shoka haliingii. Nyasi zinakua mpaka kiunoni, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishamaliza majani kwingine kote ndipo wazee wanafungua na mifugo inaingia kwa zamu. Mpaka siku hiyo, ngitili inaonekana kama mahali pasipo na mwenyewe. Hapo ndipo wageni walipokosea, na nitafika huko.

Kazi ile ilikuwa ya marehemu mume wake. Matanga yalipoisha, kamati ya ngitili ilikaa kumtafuta mwanamume wa kushika nafasi. Walibishana mpaka jua likageuka. Huyu ana kilema, huyu mlevi, huyu ana ng'ombe wengi mno hawezi kuaminika. Mjane akatokea akiwavuta mbuzi wawili kwa masikio.

"Wakati mnatafuta mwanamume," alisema, "hawa wamekula kona yote ya kule kwenye migunga. Nani mwenyewe?"

Mwenyekiti wa kamati akainamisha kichwa. Mbuzi walikuwa wake. Alilipa faini, na hakuna aliyependekeza jina jingine.

Hakuwa mtu wa kubembeleza, na mimi nilionja ukali wake mapema. Mwaka wa jubilei ya paroko, waumini walitoa mitamba kuwa zawadi. Tuliwafunga nyuma ya kanisa. Asubuhi tukakuta kamba zimekatika na mitamba hawapo. Nilijua pa kwenda.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa heshima yote, kama mtu anayemwamkia mama yake.

"Mwangaluka, Mwalimu. Umekuja kusali au umekuja kulipa?"

"Mayu, hawa ng'ombe ni wa Kanisa."

"Ndiyo maana nimewafunga vizuri. Maji nimewapa."

"Ni sadaka. Ni mali ya Mungu."

"Basi Mungu atalipa faini. Au nyasi walizokula zilikuwa za shetani?"

Nilirudi kwa paroko nikiwa na aibu. Paroko alicheka mpaka akatoa miwani akafuta machozi, kisha akatoa mbuzi. Mbuzi yule alichinjwa siku ya kufungua ngitili, na sahani ya kwanza ya supu Mlinzi aliibeba mwenyewe, kwa mikono miwili na goti limekunjwa, akampelekea paroko.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Sikio moja lilikuwa la padri, jingine la kengele. Mara nyingi alitoka katikati ya mahubiri na kurudi wakati wa matoleo, kitenge kimejaa mbegu za nyasi. Nilimwonya siku moja kwamba mchungaji mwema haachi ibada hovyo.

"Usinifundishe habari za mchungaji, Mwalimu. Yule alimtafuta kondoo mmoja. Mimi natafutwa na ng'ombe hamsini."

Sikumwonya tena. Nilipozidi kuzeeka nilianza kumshukuru Mungu kwa lile benchi la mwisho. Niliposimama mbele kusoma, nilimwona pale mlangoni, nusu yake ndani na nusu nje, nikajua kwamba kuna mtu mmoja angalau ambaye hajalala.

Watu wa mbali walipokuja kusikia habari zake, walidhani ni mzee anayechukia kila kipya. Hawakumjua. Miaka mingi iliyopita, mbegu za mafuta zilipoletwa kwetu mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Mawakala walifika na mifuko ya miche wakasema kwamba magari yatatembea kwa mafuta ya mbono. Wengi tulicheka. Mbono tunaujua tangu zamani. Tunaupanda kwenye ua kwa sababu mbuzi haugusi, na tunauchomeka kaburini ili baada ya miaka mtu asilime juu ya wazee wake. Kwamba mti wa makaburi utaendesha lori lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mlinzi hakucheka. Alizungushia mji wake wote mibono, akaipalilia, akaongea nayo. Mavuno yalipofika alikuwa na magunia. Mnunuzi alikuja msimu mmoja, akapiga picha na watu, akachukua kidogo. Msimu uliofuata hakuonekana. Majirani waling'oa miche kwa hasira. Wengine waliilaani, kana kwamba mche ndio uliotoa ahadi.

"Mimi sigombani na mti," alisema Mlinzi. "Mti haukunidanganya. Aliyenidanganya alikuja na miguu."

Akaanza kuzikaanga zile mbegu, kuzitwanga, kuzichemsha na kuyaengua mafuta. Alipika sabuni nyeusi ya magadi iliyonuka vibaya na kung'arisha vizuri. Mafuta mengine aliyamimina katika kibakuli cha udongo, akatumbukiza humo utambi wa pamba ya shamba lake, na nyumba yake ikapata taa. Ulikuja wakati mafuta ya taa yaliadimika dukani, na taa ya tabernakulo ikazimika. Alikuja kanisani na kibakuli kile, amekifunika kwa kanga kisipate upepo. Kwa majuma mengi Bwana wetu aliangaziwa kwa mbono. Ulitoa moshi kidogo na harufu kama ya karanga zilizoungua. Mpaka leo nikiisikia harufu ile napiga ishara ya msalaba bila kufikiri.

Kwa hiyo wageni wa mara ya pili walipofika, hawakukutana na mtu asiyejua mbono ni nini. Walikutana na mtu anayeutumia.

Safari hii magari yalikuwa mawili na maneno yalikuwa mapya. Nishati safi, nishati jadidifu, mafuta ya mimea. Serikali inahimiza, viwanda vinahitaji, na malori makubwa ya migodini, kule Bugarama na kuendelea hadi Geita, yatachanganyiwa mafuta yanayotoka shambani. Sisemi kwamba walisema uongo. Nchi inayonunua mafuta yake ng'ambo inayo haki ya kuyatafuta nyumbani, na hilo naliombea kwa moyo. Tatizo lilikuwa pa kupanda. Walitaka eneo kubwa lililo pamoja, na kwenye ramani yao ngitili yetu ilikuwa na rangi ya ardhi isiyotumika.

Wapimaji walikuja wakati wa mvua. Nyasi zilikuwa ndefu, hakuna ng'ombe, hakuna mtu, hakuna jembe. Wakaanza kupigilia vigingi. Mlinzi aliwakuta kwenye kigingi cha nne au cha tano.

"Nani kawaruhusu kuingia?"

"Mama, hapa hatukukuta mtu," alijibu mmoja, kijana mcheshi mwenye kofia ya chuma.

"Na mimi ni nani?"

"Tunasema hapatumiki, mama yetu."

"Pamefungwa. Wewe ukikuta duka limefungwa unaanza kugawana sukari?"

Akapuliza filimbi. Sungusungu wakatoka mashambani na fimbo zao, na wapimaji wakatozwa mbuzi, kama ambavyo angetozwa mtu yeyote wa kijijini, kama ambavyo paroko alitozwa. Kijana yule akaomba risiti.

"Risiti utaipata kwenye bakuli," Mlinzi alimwambia. "Njoo siku ya kufungua, tutakupa supu."

Baadaye afisa mmoja alitumwa kuzungumza nasi. Alikuwa mpole, aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na soda ziligawiwa.

"Bibi," alimwambia Mlinzi, "hatukuja kugombana. Hili ni jambo la taifa."

"Na mimi nitalisaidia taifa," alijibu. "Pandeni mbono kwenye mipaka ya mashamba yote. Pandeni kandokando ya barabara mpaka Tinde. Zungusheni shule, zungusheni zahanati. Mbegu nitatoa mimi, bure. Ngitili, hapana."

"Mipaka haitoshi kulisha kiwanda, bibi."

"Basi hicho kiwanda kina tumbo kubwa kuliko kijiji."

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu. "Mradi huu ni tofauti na ule wa kwanza," alisema.

"Hata ule wa kwanza ulikuwa tofauti. Mimi nilikuwepo, nilishika mwiko nikiwapikia chakula."

Walicheka tena, na nadhani jambo lingeishia hapo, kama asingesimama Masanja.

Masanja ni mwanawe wa pekee. Alikwenda machimbo ya Geita akiwa kijana mwenye shingo nene, akaingia katika maduara, yale mashimo marefu ambayo wanaapolo hushuka kwa kamba kutafuta mawe ya dhahabu. Alirudi mwaka huu kwa kifua. Akipanda kilima kidogo husimama kana kwamba anatazama mandhari, lakini anatafuta pumzi. Kampuni ilikuwa imemwahidi usimamizi wa vibarua shambani, na yeye ndiye aliyekuwa akipita kwa vijana nyumba hadi nyumba kuwaomba waunge mkono.

"Wazee wangu," alianza, "mimi nimetoka chini. Huko chini ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Hapa nimeletewa kazi ya juu ya ardhi, yenye jua na mshahara. Mama yangu anasema hapana." Akageuka kumtazama. "Mama unalinda nyasi. Unalinda ng'ombe wa watu. Na mimi ananilinda nani?"

Hakuna aliyecheka. Tulimgeukia Mlinzi, maana hatukuwahi kumwona akikosa jibu. Aliangalia fimbo yake. Kisha akakaa. Vijana wakapiga makofi, na mwenyekiti wa kijiji akafunga mkutano, akasema uamuzi utatolewa na mkutano mkuu baada ya mavuno.

Ulikuwa msimu mgumu katika nyumba ile. Mama na mwana walikula ugali wa sufuria moja bila kuambiana neno. Nilikwenda kuwapatanisha, kama ilivyo wajibu wa mtu wa umri wangu. Masanja alikuwa ametoka. Nilimkuta Mlinzi anakata sabuni kwa uzi.

"Mwanao amekuumiza," nilisema.

"Amesema kweli, Mwalimu. Ndiyo maana sikumjibu."

"Basi utakubali?"

Aliniangalia kama anavyomwangalia dume jeusi. "Amesema kweli kuhusu kifua chake. Kuhusu ngitili hajasema kweli. Mwaka ule wa njaa yeye alikuwa hajatembea. Maziwa yangu yalikauka. Kijiji kizima kilibaki na ng'ombe wachache waliosimama, na wote walisimama kwa sababu ya nyasi zile. Mimi nilikuwa napewa kikombe."

"Umemwambia hayo?"

"Nimwambie nini? Mtu mzima ana ndevu, nimdai maziwa?" Akapanga vipande vya sabuni juani. "Akiniuliza nani anamlinda, sina la kumwonyesha. Nililolinda ameshalila, limeshakuwa mifupa yake."

Nilifikiria kwamba Mungu aliamuru hata ardhi ipewe mapumziko yake, na kwamba nimeifundisha amri hiyo kwa watoto wa komunio miaka yote bila kuona kuwa jirani yangu anaitimiza kila msimu. Nilimwambia hivyo.

"Kawaambie na hao wenye vigingi," alisema. "Wewe wanakuheshimu, una suruali."

Huo ndio ulikuwa utani wake. Hata katika uchungu alikuchoma kidogo, ili usije ukamhurumia. Huruma hakuitaka kabisa. Miguu ilipoanza kumvimba na daktari wa zahanati akamwambia apumzike, alirudi analalamika njia nzima. "Ananiambia nipumzike. Mimi nimekuwa ngitili?"

Lakini miguu haikumtii. Aliacha kuja kanisani. Benchi la mwisho lilibaki tupu, na nilipata shida kusoma. Siku za kuelekea mwisho wa mvua alinitumia salamu kwamba nifike asubuhi, si nyumbani kwake, bali mlangoni pa ngitili, pale ambapo njia ya mifugo inapita kati ya nguzo mbili za mti.

Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, fimbo mapajani. Masanja alikuwa amevua shati. Alikuwa na rundo la vijiti vibichi vya mbono vilivyokatwa kwenye ua wa nyumbani, na alikuwa anavichomeka ardhini kimoja baada ya kingine, katika mstari, ndani kidogo ya zile nguzo. Alikuwa amemaliza pande mbili ndefu na upande mmoja mfupi. Hakuna Msukuma ambaye angeuliza umbo lile ni la nini. Mimi niliuliza hata hivyo.

"Mayu, hapa mnafanya nini?"

"Serikali inataka mbono ngitili," alisema. "Nimeanza kupanda."

"Hili ni kaburi."

"Ni la mwenye hii miguu. Masanja, hicho cha upande wa kichwa kimelegea. Fukia vizuri."

Masanja alifukia kwa kisigino. Alikuwa anahema. Nilimwambia Mlinzi kwamba makaburi ya kigango yapo, kwamba mumewe yupo pale, kwamba pale kuna baraka.

"Ndiyo maana nimekuita. Zilete na huku."

"Mimi si padri. Sina mamlaka ya kubariki kaburi."

"Wewe sali tu. Kubariki kuna mwenyewe."

Nilimgeukia Masanja, nikitumaini atamwambia mama yake aache. Alikuwa ameegemea jembe, anatafuta pumzi. Alipoipata alisema polepole, akinitazama mimi na siyo yeye.

"Mwalimu, mimi msimamo wangu ni uleule. Kazi ni kazi. Kifua changu hakijapona kwa sababu mama ameamua kuzikwa huku porini." Akafuta jasho kwa shati. "Alinikabidhi panga jana, akasema nenda kakate vijiti, nataka kupima kitanda changu. Nikakata. Nimekuja kushtuka niko hapa, nimeshazungusha. Sasa nitafanyaje? Nisimamie trekta lipite juu ya mama yangu?"

"Sijafa," alisema Mlinzi. "Chomeka."

"Siku ya mkutano nitasimama," Masanja aliendelea, akichomeka. "Vijana niliowaomba waseme ndiyo, nitawaomba waseme hapana. Wakinitukana, watukane. Nitawaambia wenye mradi wachukue mipaka, kama alivyosema. Wakikataa mipaka, nitarudi Geita."

Mama yake aliugeuza uso upande wa migunga. Kampuni ina mawakili, ina ramani, ina fedha za kuhamisha makaburi, na hayo Mlinzi aliyajua. Mibono ile hakuwapandia wao. Alimpandia mtu mmoja, kwa mkono wa huyohuyo, na kwa panga alilomkabidhi yeye.

Nilivua kofia. Sikutumia kitabu. Nilimshukuru Mungu kwa nyasi, kwa mvua iliyokuwa inaisha, kwa kikombe cha maziwa cha mwaka wa njaa. Hapo Masanja aliinua macho ghafla, lakini sikueleza, niliendelea. Nilishukuru kwa taa ya mbono iliyowaka mbele ya Bwana wetu. Niliomba kifua cha Masanja kipate hewa. Niliomba mahali pale pabaki pamefungwa mpaka pafunguliwe na wenyewe, na kwamba yeyote ajaye na kigingi akute watu, na watu hao wawe wamesimama. Nikasema Amina, na wao wakasema Amina.

Mlinzi akainua kidole.

"Kelele."

Tukanyamaza. Nilitega sikio kutafuta kengele. Masanja naye alitega. Upepo ulipita kwenye nyasi, na sikusikia kingine.

"Ni ng'ombe wa nani?" nilinong'ona.

"Hakuna ng'ombe. Mwalimu, hebu tazama, umesimama wapi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevuka zile nguzo mbili kwa hatua nzima, viatu vyangu viko ndani ya nyasi.

"Mayu, nilikuwa nakuombea!"

"Nimesikia. Umeomba vizuri sana, mpaka nimetaka kulia. Lakini umeingia, na ngitili imefungwa. Faini yako kuku mmoja."

Masanja alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akashika nguzo, akaendelea kucheka.

Mkutano mkuu haujafanyika bado ninapoandika haya. Kila asubuhi Masanja huzunguka ngitili kwa niaba ya mama yake, polepole, akisimama kutafuta pumzi, filimbi ikining'inia shingoni. Vijiti vya mbono vimeshachipua. Na mimi nililipa faini. Kesho yake tu nilimpelekea jogoo. Mlinzi alimgeuza huku na huku, akampapasa kifua, akasema ni mwembamba, akampokea.